Kufuli Isiyo na Mlango

Faza,
11 Januari 1966

Kwa Bi Rael,

Ulinifundisha nianze na salamu ndipo habari, lakini nakujua: utaziruka salamu ukitafuta kama nilitapika baharini. Kwa hiyo naliweka hilo mbele. Sikutapika. Salamu ni hizi sasa, kwako, kwa mpishi na kwa wasichana wote unaowalea hapo Nyumbani, na kwa mdogo wangu Umi zaidi.

Kazi ya zahanati nimeianza. Bwana Hudson, yule daktari uliyemwandikia, ni mtu wa bara kama wewe, na husema polepole kama anayepima dawa. Asubuhi nachemsha sindano na kukunja bendeji, halafu nakaa dirishani kuandika majina ya wagonjwa. Kuandika naweza. Kuwauliza jina ndiko kugumu. Jana mzee mmoja aliinamisha sikio hadi likagusa meza, kisha akamgeukia Bwana Hudson akasema, "Karani wako huyu, sauti yake ameiwata Amu?" Kwamba sauti nimeiacha huko Lamu! Watu wote kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka kidogo ili wasidhani nimeudhika.

Chumba ulichonitafutia kwa Bwana Jeilani nimekiona. Mlango wake uko kwenye kichochoro. Kina dirisha dogo lenye mbao za rangi ya buluu, linaloangalia kisima, na ukutani kuna kidaka cha kuwekea taa. Jua la asubuhi huingia hadi katikati ya sakafu. Kila nilichojifunza kwako nilipokaa chumba cha mwisho, kile cha msichana anayejiandaa kutoka Nyumbani, nakikumbuka: kupima mchele wa mtu mmoja, kuweka akiba ya mafuta ya taa, kuamka bila kuamshwa. Kufuli uliyonipa siku ya kuniaga iko salama. Ufunguo wake mmoja ninao, na wa pili nilimwachia Umi kama ulivyoniruhusu.

Saumu hainisumbui. Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Wako mtiifu,
Mwanamkisi Abdulhalim


Faza,
13 Januari 1966

Kemunto,

Ukimaliza kusoma barua hii ichome. Uniapie kwanza kwamba hutamwambia Bi Rael, ndipo uendelee kusoma.

Sina chumba.

Wewe ulipotoka Nyumbani mwaka juzi ulikwenda Mombasa, na Mombasa kila mtu ni mgeni wa mtu. Hapa si hivyo. Bwana Jeilani alinifungulia mlango, akanionyesha dirisha, kidaka, mahali pa kuweka jiko. Nikatua sufuria yangu chini. Yeye akabaki akitazama nyuma yangu, kichochoroni.

"Mamako yuwapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Nduguyo? Ami yako?"

Nikasema nitakaa mimi. Nilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hata mimi sikujisikia.

Hakukasirika, Kemunto. Angekasirika ingekuwa rahisi. Aliona haya kwa ajili yangu. Akasema, "Mwanangu, Bi Rael alisema mpangaji ni karani wa zahanati. Nami nikajua kama ni mwanamwali atakuya na mtu mzima wake. Mwanamwali hakai pweke. Mimi nina mabinti. Kesho watu wataniuliza ni mlango gani niliouweka pale." Halafu akainama, akaichukua sufuria yangu mwenyewe, akaibeba mbele yangu mpaka nyumba ya dada yake, Bi Hindu.

Bi Hindu alinitazama toka kichwani hadi miguuni akasema, "Huyu ndiye aliyetaka kukaa pweke? Mtu hukaa na watu, mwanangu. Kukaa pweke ni kwa majini." Mabinti zake wawili wakacheka, wakanipa nafasi kitandani katikati yao, na futari wakanipakulia kwanza mimi.

Ni watu wema. Nafua, nakuna nazi, nachota maji, nao hufanya vivyo hivyo. Lakini nikisimama tu naulizwa naenda wapi. Nikinyamaza naulizwa nawaza nini. Sanduku langu liko mvunguni mwa kitanda cha Bi Hindu, na halina pete ya kutilia kufuli, basi kufuli iko ndani ya sanduku, nimeifunga yenyewe kwa yenyewe.

Utauliza kwa nini nilimwandikia Bi Rael uongo. Sikuandika uongo. Soma vizuri: nilisema nimekiona. Kwa kweli nilitaka kuandika yote, lakini nikakumbuka siku ya kuagwa. Alisimama mbele ya akina mama wa kamati inayoendesha Nyumba, mkono wake begani kwangu, akasema mimi ndiye msichana wa kwanza wa visiwa hivi kutoka Nyumbani kwake kwenda kukaa kwa nguvu zake mwenyewe. Machozi yalimtoka. Na mama mwenyekiti akasema kwa upole tu, akikoroga chai, "Hawa wa huku, Rael, mwisho hurudi kwa wajomba." Mimi na Umi hatuna hata huyo mjomba. Tangu tulipohama Kiwayu mwaka wa vurugu za mashifta na mama akatufia Lamu, tuna Bi Rael tu. Nitamwandikia nini? Kwamba mwenyekiti alisema kweli?

Mwanamkisi


Mombasa,
2 Februari 1966

Wewe Mwanamkisi,

Barua nimeichoma na kidole nimekiunguza. Nimeapa. Idi njema ya kuchelewa.

Sasa nisikilize. Mimi nina chumba, ndiyo. Nimekigawa kwa pazia la gunia, na upande wa pili wanakaa fundi viatu na mkewe, ambao hugombana hata wakiwa usingizini. Bi Rael nilimwandikia kwamba nina chumba chenye hewa nzuri. Kwa hiyo sote wawili ni waongo, lakini uongo wangu una kuta tatu. Wako hauna hata moja.

Mwandikie! Atalia, basi alie. Yule mama hulia hata wali ukiungua. Akishalia atafunga kitambaa kichwani, atapanda boti, atafika Faza na kukaa kwenye baraza ya huyo Jeilani mpaka baraza ipasuke.

Nakujua tabia yako. Unanyamaza, halafu watu wanakujazia maneno yao, nawe unayabeba kama mzigo wako. Umesahau birika la chai? Alilivunja Umi. Bi Rael akauliza ni nani, ukanyamaza, ukaosha vyombo mwezi mzima. Umi mwenyewe alikuwa akipita jikoni akiimba.

Andika ukweli wiki hii. Ukichelewa huo uongo utaota mizizi.

Mimi, mwenye hewa nzuri,
Kemunto


Mkomani, Lamu,
16 Februari 1966

Mwanangu Mwanamkisi,

Barua yako nimewasomea wasichana wote wakati wa kula, na pale penye dirisha la buluu nilisoma mara mbili kwa sababu Umi alidai. Mpishi ameuliza kama mchele unaupima kwa kikombe au kwa mkono. Nimemwambia kwa kikombe. Usiniaibishe.

Hapa tuko wazima. Punda wa jirani amekula shuka tuliyoianika barazani, yote, akabakiza pindo. Mwenye punda ameniambia nimshukuru Mungu hakula mbili.

Nina habari, nayo si ndogo. Mwenye nyumba hii anaitaka nyumba yake, na kamati imeona kwamba kwa jinsi hali ya kaskazini ilivyo, Nyumba ihamie bara kabisa. Tumepata majengo huko, mazuri, lakini ni mbali. Tunaondoka kabla ya Pasaka. Wasichana wenye ndugu wanarudishwa kwa ndugu zao, wasio na ndugu tunakwenda nao.

Ndugu wa Umi ni wewe. Walitaka kumhesabu miongoni mwa wasio na mtu. Nikasimama, Mwanamkisi, mimi nisiyependa kusimama mbele ya watu kama wewe tu, nikasema: dada yake ana kazi, ana chumba, ana kufuli yake mwenyewe. Wakakubali. Umi anaweza kuja kwako!

Niandikie tu kwamba chumba kinawatosha wawili. Mama mwenyekiti atapita Faza na boti ya serikali mwezi wa tatu, naye atapenda kukiona kwa macho, ni utaratibu tu. Na kwa kuwa Umi ametimiza miaka kumi na mitatu, kanuni yetu ni kumuuliza yeye pia anataka nini. Hilo litakuwa swali la kuuliza kwa sababu lazima liulizwe. Unamjua jinsi anavyokupenda.

Ningekuwa na mimba ya mtoto wangu mwenyewe nisingefurahi zaidi ya nilivyofurahi kwa barua yako. Ubarikiwe.

Rael


(ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Dada,

Naandika mbio kwa sababu Bi Rael ameshalamba bahasha upande mmoja.

Ufunguo wangu nauvaa shingoni. Nikilala unaniachia alama kifuani, na asubuhi alama hiyo ina meno kama ufunguo wenyewe. Niliwaambia wenzangu nina ufunguo wa chumba Faza, wakasema ni wa sanduku la mpishi. Bi Rael aliposoma barua wakanyamaza wote! Sasa Nerea ananiachia nioge kabla yake ili siku moja nimwalike.

Nerea ndiye yuko chumba cha mwisho siku hizi. Kama ilivyokuwa kwako, hata Bi Rael hubisha hodi na kungoja. Mimi nikipita hubisha bila haja yoyote, nipate kusikia mtu akisema karibu, na yeye hutoka ananifukuza na mwiko.

Nataka upande wa kitanda ulio karibu na dirisha. Wewe huamka mapema, dirisha litakufaa nini? Kisima kina kamba au kina gudulia? Paka ninaye lakini si lazima aje.

Umi


Faza,
1 Machi 1966

Kwa Bi Rael,

Barua yako na ya Umi zimefika. Nimekaa nazo siku nyingi kuliko inavyostahili, unisamehe. Nimeanza kujibu mara kadhaa na karatasi za zahanati zinakwisha.

Kuhusu chumba. Chumba chenye dirisha la buluu kina mambo kidogo. Bwana Jeilani ana shughuli nacho. Nakuomba umwambie mama mwenyekiti asijisumbue kupita mwezi huu. Labda baada ya Idi Kubwa.

Umi nitamchukua. Hilo tafadhali usilitilie shaka, na kamati isilitilie shaka. Hata ikiwa mahali penyewe ni pengine, patakuwa na mlango na patakuwa na nafasi yake. Mwambie kisima kina kamba.

Kulikuwa na jambo nilitaka kukueleza. Nitalieleza barua ijayo.

Wako mtiifu,
Mwanamkisi


Faza,
12 Machi 1966

Kemunto,

Nilikwenda kwa Bwana Jeilani. Nilikwenda mwenyewe, na maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja ili nisiyasahau. Nikamwambia mdogo wangu anakuja, kwa hiyo sitakuwa peke yangu, tutakuwa wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa huruma kabisa, "Mwanangu, wanawali wawili ni hofu mara mbili." Akanipa papai nimpelekee Bi Hindu.

Bi Hindu naye nikamweleza. Kwake Umi hawezi kukaa, kitanda cha sisi watatu ni kimoja na mkwe wake anarudi kutoka Malindi. Alifikiri huku akisuka ukili, halafu akasema, "Unataka mlango? Mlango upo."

Mlango ni wa Bwanamkuu. Ni mwenye duka la mafuta ya taa na chumvi, amefiwa na mkewe mwaka jana, hana mtoto. Umri wake ni kama wa baba angekuwa hai. Alipata kuja zahanati na kidole alichokikata kwa mkebe wa samli, nikamfunga bendeji, naye akasema, "Kaza tu, binti, hiki kidole changu ni kizee, hakina maumivu." Ndivyo alivyoniona. Nilicheka. Bi Hindu anasema kicheko hicho ndicho kilichofanya kazi, mpaka Bwanamkuu akaleta posa.

Ana nyumba ya vyumba viwili. Ameulizwa habari za Umi akasema, "Na aje, nyumba ina nafasi ya watoto." Sijui kama alinihesabu na mimi katika hao watoto.

Si mtu mbaya. Natafuta mtu mbaya katika jambo hili, Kemunto, nipate wa kumsukuma, na simpati. Kila mtu ananipa kitu. Huyu papai, huyu kitanda, huyu nyumba.

Juzi, Alhamisi, akaja mtu wa kadhi. Kwa kuwa sina baba wala ami, kadhi ndiye walii wangu wa kuniozesha. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na Bi Hindu na wanawake wengine, yeye akakaa ukumbini na wanaume. Akaniita kwa jina la baba: Mwanamkisi binti Abdulhalim, je, umeridhia kuozwa Bwanamkuu?

Nilikuwa na maneno. Nilitaka kusema, "Nipeni muda." Ni maneno mawili. Nikawa nayatafuta kama ninavyoitafuta sauti kila siku pale dirishani, na unajua huwa haiji upesi. Akauliza mara ya pili. Bi Hindu akanishika mkono. Nikafikiri: kama nikisema sitaki, Umi ataingizwa kwenye boti aende bara pamoja na wasio na mtu. Kama nikisema nataka, nitakuwa nimesema uongo mbele ya dini. Nikawa bado nafikiri. Akauliza mara ya tatu.

Bi Hindu akasema kwa sauti ya furaha, "Amenyamaza. Mwana mwenye haya ndivyo ajibuvyo."

Wakapiga vigelegele mpaka watoto wa chuo cha Kurani wakaja kuchungulia.

Nimenyamaza maisha yangu yote, Kemunto, na hakuna aliyewahi kunipigia vigelegele. Sijui ni kunyamaza kupi walikokusikia. Mimi mwenyewe sijui kama ilikuwa haya au lilikuwa jibu. Nikijiuliza, nako nanyamaza.

Ndoa ni Ijumaa inayokuja. Ukiwa na la kusema, sema upesi.

Mwanamkisi


Faza,
20 Machi 1966

Kwa Bi Rael,

Lile jambo nililosema nitakueleza ni hili.

Katika chumba chenye dirisha la buluu sikulala hata siku moja. Nilionyeshwa, nikakipenda, nikatolewa, kwa sababu huku mwanamwali hakai peke yake na Bwana Jeilani hakujua kwamba mpangaji ni mimi. Nimekuwa kwa Bi Hindu dada yake, nimetunzwa vizuri. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umefurahi.

Sasa nina mahali. Nimeolewa juzi Ijumaa na Bwanamkuu, mwenye duka. Ni mpole. Amenunua mkeka mpya kwa ajili ya Umi na ameutandika yeye mwenyewe katika chumba cha nyuma. Dirisha la chumba hicho linaangalia mapipa ya mafuta, lakini ni dirisha. Mwambie mama mwenyekiti anaweza kupita siku yoyote.

Tafadhali mlete Umi kabla hamjaondoka. Usimwambie habari za kile chumba. Nitamweleza mwenyewe tukiwa tumekaa, polepole, ataelewa. Akisoma au akiambiwa na mtu mwingine atadhani nilimdanganya.

Yote uliyonifundisha yananifaa. Mchele sasa napima wa watu wawili, na kuanzia mwezi ujao watatu.

Mwanamkisi


Mombasa,
21 Machi 1966

Mwanamkisi,

Barua yako imenifikia leo Jumatatu. Ijumaa uliyoitaja imepita.

Nimekaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Nilitaka kukutukana, nikaanza, nikaona natukana karatasi. Mke wa fundi viatu ameniuliza kupitia pazia nalia nini, nikamwambia vitunguu, akasema hajasikia harufu ya vitunguu.

Mwezi wa pili nilimwandikia Bi Rael barua ya kumweleza yote. Nikaichana kwa kuwa uliniapisha. Sasa kiapo ninacho, kizima kabisa. Nikifanyie nini?

Umi akifika mkumbatie kwa niaba yangu. Angalau utakuwa na Umi.

Kemunto


Mkomani, Lamu,
30 Machi 1966

Mwanangu,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Kitu cha kwanza nilichosema, peke yangu jikoni, ni kwamba ungeniandikia ningekuja. Nimelifikiria tena. Ningekuja, ndiyo, halafu? Mimi mtu wa bara ningemwambia nini Bwana Jeilani kuhusu mlango wa nyumba yake? Nimekaa Mkomani miaka sita. Katika vichochoro vyote hivi sijapata kuona mwanamwali anayetoka asubuhi akafunga mlango wake na kutia ufunguo mfukoni. Sijaona hata mmoja, na sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na shughuli ya kukufundisha kupima mchele.

Wala sikukufundisha kukataa. Msichana mkimya hutuondolea kazi, nasi humwita mwenye adabu. Mimi nilikuita hivyo mbele ya kamati.

Sasa la Umi, nalo sijui nikuandikieje. Kanuni ilikuwa aulizwe. Mama mwenyekiti akamuuliza jana mbele yangu: kwa dada yako Faza, au pamoja nasi bara? Nilikuwa nimeshamfungia nguo zake. Akasema bara. Nikamchukua pembeni nikamuuliza tena, nikamwambia umeolewa, una nyumba, mkeka wake umetandikwa. Akafurahi sana, akacheka, akauliza mumeo ni mrefu au mfupi. Kisha akasema bara. Alisema kwa sauti kubwa, si kama wewe, na kila mtu alimsikia.

Sababu yake alinieleza pia. Ningeweza kuivunja kwa neno moja, na neno hilo uliniomba nisiliseme. Sikulisema. Sijui kama nimekutendea wema.

Tunaondoka Jumatatu. Hata ukiipata barua hii mapema, wiki hii ya Idi hakuna chombo kitakachokuleta. Nitamtunza. Ananiambia niache nafasi kwenye bahasha.

Rael


Dada yangu Bi Harusi,

Hongera! Bi Rael hajui kama mumeo ni mrefu au mfupi, basi uniandikie. Je, ana duka la peremende au la mafuta tu?

Usikasirike kwamba siji. Nimefikiri sana, hata mpishi ameniuliza kama naumwa. Nikija sasa nitakaa nyumbani kwa mumeo, nami nitakuwa mgeni, na chumba chetu kitakaa bure. Lakini huko bara vyumba vya mwisho viko vitatu, na Bi Rael amesema nikimaliza shule nitaingia kimoja, na nikitoka nitapewa sufuria na kufuli kama wewe. Hapo ndipo nitarudi Faza. Nitakaa katika chumba chako chenye dirisha la buluu na kufanya kazi zahanati. Mimi siogopi kuwauliza watu majina yao. Tutakuwa jirani, na mumeo akikuudhi utakuja kulala kwangu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Chumba usimrudishie Bwana Jeilani. Kifunge kwa kufuli yako. Ufunguo wako kaa nao, wangu ninao shingoni. Mara moja moja nenda ukafungue dirisha kisije kikanuka unyevu, na ukimkuta mtu anataka kukipanga mwambie mwenyewe yuko njiani.

Siku nitakayofika, hata ufunguo ukiwa mkononi sitafungua. Nitabisha hodi kwanza, kama tunavyofanya Nyumbani. Wewe uwe ndani, useme karibu. Lakini sema kwa sauti, dada, nisije nikadhani hakuna mtu.

Umi